Ndoo mbili za bokashi, miezi nane jikoni: kazi inafanya, tangazo ndo limezidisha

Habari wadau. Nimekaa miezi nane kabla ya kuandika hii kwa sababu kitu cha taka huwezi kukisifia baada ya wiki moja, wiki ya kwanza kila kitu kinapendeza, koki mpya, watu wa nyumbani wana hamu, kila mtu anataka aonekane amekandamiza maganda. Sa hivi hamu imeshaisha na ndoo bado ipo jikoni inatumika kila siku, kwa hiyo naona naweza kuwaambia ukweli wake wote. Ndoo zenyewe, zile za kuchachusha makombo ya jikoni kwa pumba zenye vijidudu kabla ya kuyafukia kwenye udongo, nazipa nyota nne kati ya tano. Maelezo yaliyobandikwa kwenye boksi nayapa mbili, na nitawaambia kwa nini.

Kwanza mjue nilitokea wapi. Nyumbani tupo watano, mimi, mume wangu, watoto wawili na mdogo wangu. Pipa letu lilikuwa moja tu, kila kitu humo humo, maganda, makombo, karatasi, chupa, makopo, ikifika siku ya tatu mfuko unachuruza maji chini, ukiuinua unachanika, na vile vinzi vidogo vya matunda vimejaa jikoni nzima. Mimi nilikuwa nakusanya chupa na makopo ili viende kurejelezwa, tena naviosha vizuri, lakini vikilala siku mbili kwenye pipa moja na makombo vinachafuka upya, na karatasi ndo kabisa, karatasi ikishalowa mafuta na mchuzi haifai tena kwa wanaotengeneza karatasi. Nikanunua mapipa matatu ya rangi rangi nikidhani shida ni mpangilio. Wapi. Watoto wakawa wanatupa popote na pipa la chakula likawa linanuka kuliko mwanzo. Shida haikuwa rangi ya pipa, shida ilikuwa ile taka yenye maji, ambayo ndo nyingi kuliko unavyofikiri. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2018 kuhusu taka ilisema asilimia 44 ya taka za mijini duniani ni chakula na mabaki ya mimea. Yaani karibu nusu ya mfuko ule unaoubeba ukiwa umeshika pumzi ni kitu ambacho kilitoka ardhini na kingeweza kurudi ardhini.

Lundo la mboji la kawaida nilishalijaribu zamani. Ni zuri sana kama una nafasi, lakini linataka hewa, linataka kugeuzwa, linataka majani makavu mengi kuliko mabichi, na haliitaki nyama wala chakula kilichopikwa kwa sababu linaita panya. Sisi makombo yetu mengi ni chakula kilichopikwa. Hapo ndo nikaangukia kwenye bokashi.

Sasa kilichomo boksini. Ndoo mbili za lita 16 kila moja, zina mifuniko ya kubana ile ambayo lazima uisikie inalia ndo ujue imefunga. Ndani chini kuna sahani ya plastiki yenye matundu, taka inakaa juu yake na maji yanashuka chini, halafu kuna koki ya kutolea hayo maji. Kuna kibao cha kukandamizia, kikombe kidogo cha kupimia, na mfuko wa pumba wa kilo moja. Pumba ndo roho ya kitu chote, ndoo bila pumba ni ndoo tu ya uvundo. Plastiki yake ni nene, haijapinda wala kupasuka mpaka leo, na chini imegongwa pembetatu yenye namba 5, maana yake polipropilini. Nisimame hapo kidogo maana nimeona watu wengi wanachanganya. Ile pembetatu yenye namba kuanzia 1 mpaka 7 ilianzishwa na watu wa viwanda vya plastiki mwaka 1988 ili kutambua aina ya plastiki, basi. Haikuahidi kwamba kitu hicho kitarejelezwa. Na kwa plastiki za dunia nzima zinazotupwa, zinazorejelezwa ni kama asilimia 9 tu kwa hesabu za OECD, ile jumuiya ya ushirikiano wa kiuchumi wa nchi mbalimbali. Kwa hiyo mi nikinunua kitu cha plastiki swali langu la kwanza ni kitadumu miaka mingapi, na hizi ndoo naona zitadumu.

Inafanyaje kazi? Watu wakisikia ndoo ya makombo inakaa jikoni wiki mbili imefungwa wanashtuka, wanajua inaoza. Haiozi, inachacha. Ni kama maziwa yanavyogeuka mtindi, bakteria wale wale wa jamii ya asidi laktiki ndo wanafanya kazi, pamoja na hamira na vijidudu vingine vilivyochanganywa kwenye pumba na molasi. Bokashi ni neno la Kijapani, na mchanganyiko huu wa vijidudu unaoitwa EM ulitengenezwa na Profesa Teruo Higa wa Chuo Kikuu cha Ryukyus kule Okinawa, miaka ya 1980 mwanzoni. Hewa ikizuiwa na bakteria wazuri wakiwa wengi, ndoo inakuwa na uchachu mkali na wale wa kuozesha wanashindwa kuishi humo. Kuna ndugu yangu aliniuliza swali zuri sana, akasema dada, dampo nalo taka inafukiwa bila hewa na inatoa gesi ya methani, sasa ndoo yako imetofautiana nini? Tofauti ni huo uchachu. Vijidudu vinavyotoa methani havistahimili ukali ule, ndo maana ndoo haitoi gesi hiyo kama dampo linavyotoa. Na methani si ya kuchezea, kwa miaka 100 inapasha joto dunia kama mara 28 kuliko kiasi kile kile cha hewa ya ukaa. Mimi hilo liliniingia sana moyoni kuliko habari za mbolea, kwamba ganda nililolitupa kwenye mfuko uliofungwa linaenda kufanya madhara ambayo lisingeyafanya kwenye udongo.

Matumizi ya kila siku ni rahisi ila yana masharti, na masharti yenyewe boksi limeyaandika kwa herufi ndogo mno. Usifungue ndoo kila unapomenya kitu. Weka kopo dogo pembeni ya sinki, la mtindi linatosha kabisa, jaza humo kutwa nzima halafu usiku mara moja tu ndo ufungue ndoo, mwaga, sambaza, nyunyiza pumba kiganja kimoja juu, kandamiza mpaka hewa itoke, funga mpaka isikike. Katakata vipande vikubwa, ganda zima la tikiti linachukua muda mrefu sana. Chakula kilichopikwa kinaingia, nyama inaingia, samaki anaingia, maganda ya mayai, majani ya chai, unga wa kahawa uliotumika. Supu na maziwa usimwage, maji mengi yanaharibu. Mifupa mikubwa haitaisha leo wala kesho. Na kitu kilichokwisha kuota ukungu wa kijani usiweke, unapeleka adui ndani ya nyumba.

Mwezi wa kwanza niliharibu ndoo moja nzima. Mtu mmoja wa nyumbani alifunika bila kubana upande mmoja, tukakaa siku kama nne hivo bila kujua, nikafungua nikakuta ukungu wa kijani na mweusi na harufu ya kuoza kweli kweli. Nikaenda kufukia yote mbali na mimea, nikaosha ndoo, nikaanza upya. Wiki chache baadaye mtoto akaja mbio, "Mama, ndoo imeharibika tena, ina manyoya meupe!" Nikafungua nikafurahi, ukungu mweupe ndo dalili kwamba mambo yanaenda sawa. Hili boksi halikusema popote na naamini kuna watu wametupa ndoo nzuri kabisa kwa kuogopa huo weupe. Mkumbuke tu, mweupe acha, wa kijani au mweusi tatizo. Na harufu ya ndoo nzima ni ya siki, kali kidogo, unaisikia ukifungua tu, ukifunga imeisha. Mgeni akikaa jikoni kwangu hajui kama kuna makombo ya wiki mbili pale chini ya meza.

Maji ya koki ni hadithi yake. Unayatoa kila baada ya siku mbili tatu, na tangazo linayaita mbolea ya maji. Ni kweli yana faida kwa mimea lakini ni makali sana, unachanganya na maji kwa kipimo cha moja kwa mia, yaani kijiko kimoja cha chai kwenye nusu lita. Mi nilimwagia bila kuchanganya kwenye chungu cha maua niliyoyapenda sana, majani yakaungua kingo na mmea ukafa ndani ya wiki. Iliniuma. Pia usiyahifadhi kwenye chupa iliyofungwa, yanaendelea kuchacha na chupa inavimba, tumia siku hiyo hiyo.

Sasa kero kubwa, na hapa ndo nyota zilipungua. Boksi limeandikwa kwa maandishi makubwa kwamba taka inageuka mbolea ndani ya siku 14. Si kweli. Baada ya siku 14 za kukaa imefungwa ukifungua utakuta ganda bado ni ganda, wali bado ni wali, vitu vinaonekana vile vile ila vimelegea na vimechacha. Siku ile ya kwanza nilidhani nimetapeliwa. Nikaja kuelewa kwamba ndoo inafanya nusu ya kazi, nusu nyingine inafanywa na udongo. Unachimba kama sentimita 30, unamwaga, unachanganya na udongo, unafukia vizuri, na hapo ndo inaisha, kwangu ilichukua wiki tatu kukawa hamna kitu zaidi ya udongo mweusi laini na minyoo ya ardhi imejaa ambayo zamani haikuwepo. Usipande kitu hapo kabla ya wiki mbili maana ule uchachu unaunguza mizizi. Weka tofali au jiwe juu kama kuna mbwa anapita. Mbegu za nyanya na maboga hazifi humo, kwa sababu bokashi haipati joto kali kama lundo la mboji, kwa hiyo kwangu yameota maboga mahali ambapo sikupanda. Sasa mtu ambaye hana kiwanja, anakaa ghorofani, akinunua kwa kuamini siku 14 atabaki na ndoo ya makombo yaliyochacha asijue aipeleke wapi. Muuzaji alipaswa kusema hili kwa herufi kubwa. Ipo njia ya ghorofani, unachukua beseni kubwa au pipa la plastiki, unaweka tabaka la udongo, unamwaga ya kwenye ndoo, unachanganya, unafunika na udongo tena, unaacha wiki tatu nne, halafu udongo huo huo unautumia kwenye vyungu na kwa mzunguko unaofuata. Jirani yangu anafanya hivo kwenye baraza na haina shida. Ila ni kazi ya ziada na ni kitu kingine cha kutafutia nafasi.

Halafu likaja jambo ambalo sikulitegemea kabisa, na ndo sababu hasa ya kuandika mapitio marefu hivi. Mwezi wa kwanza ndoo ilikuwa inajaa kwa siku 11. Piga hesabu, ndoo ya kwanza imejaa inatakiwa ipumzike siku 14, ya pili inajaa ndani ya siku 11, kwa hiyo siku tatu sina ndoo na makombo yanarudi kwenye mfuko wa taka. Nikakasirika, nikaandika kwa muuzaji kwamba seti ni ndogo, akanijibu ninunue ndoo ya tatu. Nilikuwa karibu kununua. Kabla ya kununua nikasema hebu nipime kwanza tunatupa kiasi gani, nikachukua mizani ya jikoni, kila usiku napima kile kikopo kabla ya kukimwaga, naandika kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa friji. Wiki ya kwanza kilo 6.8. Watu watano.

Nikashtuka nikadhani sisi ni wabaya peke yetu. Kumbe Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, kwenye ripoti yao ya mwaka 2024 wanasema chakula kinachotupwa majumbani ni kama kilo 79 kwa mtu mmoja kwa mwaka, ukigawanya kwa wiki ni kilo moja na nusu kwa kichwa, sisi watano ingekuwa kilo saba na nusu. Yaani sisi tulikuwa watu wa kawaida tu, na hilo ndo lilinisikitisha zaidi. Ripoti hiyo hiyo inasema mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ilitoka majumbani, siyo hotelini wala madukani, majumbani. Kwenye majiko kama langu.

Kwa hiyo wiki ya pili sikupima uzito tu, nikaanza kutenganisha, maganda na vitu visivyolika huku, vilivyokuwa vinalika kule. Hapo ndo macho yalifunguka. Zaidi ya nusu ya uzito haikuwa maganda. Ilikuwa chakula kilichopikwa kingi kupita kiasi, mikate iliyokauka, mboga za majani zilizonyaukia nyuma ya friji kwa sababu nilinunua nyingine kabla hazijaisha, nusu kopo la mtindi lililosahaulika. Hivi vyote zamani vilikuwa vinaingia kwenye mfuko mweusi, mfuko unafungwa, unaondoka, hujui. Ndoo inakulazimisha kuona. Unasambaza kwa mkono wako, unakandamiza wali ambao jana ulikuwa chakula, na moyo unauma. Hata mume wangu ambaye mwanzoni hakujali akaanza kusema tupike pungufu.

Hatukufanya mambo makubwa. Tumeamua cha zamani kinakaa mbele kwenye friji na kipya nyuma. Siku moja kwa wiki hatupiki kipya, tunamaliza kilichopo. Kabla ya kwenda sokoni mtu anapiga picha ya ndani ya friji kwa simu. Mkate ukianza kukauka unakatwa na kugandishwa siku hiyo hiyo, hausubiri mpaka uote ukungu. Baada ya miezi miwili mizani ikawa inasoma kilo tatu na nusu kwa wiki, mara nyingine tatu. Na ndoo ikaanza kujaa kwa siku 20, mara 22, mara 24. Ndoo ya tatu sikuinunua, wala siihitaji. Hili halipo popote kwenye boksi na kwangu ndo faida kubwa kuliko udongo mweusi, kuliko maji ya mimea, kuliko yote. Chakula kisichotupwa kabisa ni bora mara nyingi kuliko chakula kilichogeuzwa mbolea vizuri, maana kwenye kile chakula kuna maji yaliyomwagiliwa, kuna mafuta ya gari lililokibeba, kuna gesi au mkaa wa kukipikia, na mbolea hairudishi hivyo.

Jambo la pili lililobadilika ni taka kavu. Ukishatoa vyenye maji, pipa lililobaki halinuki tena. Kabisa. Mfuko tuliokuwa tunautoa kila siku ya tatu sasa unakaa siku tisa kumi. Karatasi zinakaa kavu, makopo yanakaa safi, chupa ukiosha mara moja imetosha. Vinavyostahili kurejelezwa sasa vinafika vikiwa na thamani, na vina thamani kweli, kopo la aluminiamu likiyeyushwa upya linaokoa kama asilimia 95 ya nishati ambayo ingetumika kutengeneza aluminiamu kutoka kwenye madini, kioo unakiyeyusha tena na tena bila ubora kupungua, karatasi nayo inarudi mara tano mpaka saba hivi kabla nyuzi zake hazijawa fupi mno. Lakini yote hayo yanategemea vitu vifike visafi. Makombo ndo yalikuwa yanaua mzunguko wote, na mimi miaka yote nilikuwa nahangaika na chupa.

Na ukiwa na vitu visafi mikononi unaanza kuviona kwa jicho jingine. Chupa za kioo za jemu ndo zinatunza pumba zangu zisipate unyevu. Trei za mayai za karatasi nazichana naweka kipande chini ya makombo yakiwa na maji mengi, zinanyonya halafu zinaenda udongoni pamoja nayo. Fulana za zamani ndo matambara ya jikoni, karatasi za kufutia tumeacha kununua. Chupa ya plastiki nimeikata shingo ikawa faneli ya kutolea maji ya koki. Makopo yaliyowahi kuwa na dawa za kemikali usiyatumie kwa chakula hata uoshe mara ngapi, hayo yatenge.

Turudi kwenye ubovu wa bidhaa. Koki ya ndoo moja ilianza kuvuja mwezi wa nne. Matone tu, lakini matone ya maji yale yana harufu na yanaacha doa. Nikamwandikia muuzaji, wiki tatu hajajibu, alipojibu akasema dhamana haihusu koki. Hilo sikulipenda, kwa sababu koki ndo sehemu pekee ya ndoo inayosogea, sasa dhamana inahusu nini? Nikaifungua mwenyewe, nikakuta washa ya mpira imebonyea, nikaenda kwa fundi bomba akanipa nyingine ya saizi ile ile, nikaifunga na utepe mweupe ule wa mabomba, mpaka leo haijatoa tone. Ningeshauri mtu akinunua akague hiyo washa siku ya kwanza, ajaze ndoo maji usiku mmoja aone. Na sahani ya ndani inateleza ikiegemea upande, makombo yanapita chini na kuziba koki, inabidi uiweke sawa kabla ya kuanza kila mzunguko.

Pumba nazo zinaisha. Kilo moja inatosha ndoo mbili hivi, baada ya hapo ni kununua tena na tena, na nadhani wauzaji wengi wanaishi kwa hizo pumba kuliko kwa ndoo. Nilinunua mifuko mitatu halafu nikajifunza kutengeneza. Unachukua pumba za ngano au za mchele, unachanganya molasi na ile dawa ya EM kwenye maji ya uvuguvugu, siyo ya moto yanaua vijidudu, unanyunyizia pumba mpaka ukiikamata mkononi inashikana bila kudondosha maji, unaishindilia kwenye mfuko au ndoo isiyopitisha hewa wiki mbili, ikinukia utamu wa kuchacha imeiva, unaianika kivulini mpaka ikauke kabisa. Zangu zimefanya kazi sawa sawa na za dukani, ukungu mweupe unakuja vile vile. Chupa moja ndogo ya EM inatengeneza pumba za muda mrefu sana.

Nani anunue? Mwenye familia inayopika kila siku na ana udongo mahali, hata beseni. Mwenye panya au nzi jikoni anunue hata leo. Anayetaka kitu cha kubonyeza na kusahau asinunue, itamkera. Na anayekaa peke yake naona ndoo moja ndogo ya kutengeneza mwenyewe inatosha, ndoo mbili zilizotumbukizwa moja ndani ya nyingine, ya juu ina matundu, mfuniko wa kubana, ataikosa koki tu. Mdogo wangu mwingine ametengeneza ya namna hiyo kwa ndoo za rangi zilizooshwa, sasa ana miezi mitatu nayo na inakwenda.

Kwa ushauri wangu, siku utakayoleta ndoo nyumbani leta na mizani. Karatasi yetu bado ipo mlangoni mwa friji, mtoto mkubwa ndo anaiandika siku hizi, na wiki iliyopita ameandika kilo 2.9.